Kamera Mpya na Jicho la Zamani

Wako watu wengi ambao ujanani mwao walipenda mno kupiga picha, kisha mapenzi hayo yakazimika pole pole. Siku wanapopata kamera mpya, mapenzi huwarudia kama kwamba hayakuondoka. Hapo ndipo huanza kuzitamani za kale: filamu ya picha 36, siku za kungojea picha zisafishwe, na albamu iliyokuwa ikitolewa kabatini wageni wanapofika. Husema, "Zamani picha zilikuwa na maana." Je, ni kweli?

Hukumu ya picha wanavyuoni wameijadili kwa urefu, na leo si hiyo tunayoikusudia. Suali letu ni hili: huko nyuma tunatamani kitu gani hasa?

Si ubora wa chombo, kwani simu ya leo huona gizani pasipoonwa na kamera nyingi za zamani. Wala si wepesi wa maisha. Picha ya Idi hubaki, lakini deni lililonunuliwa nguo za Idi halionekani pichani.

Tunachokitamani ni mazingatio. Mwenye picha 36, na kwa kamera nyingine 12 tu, hakuweza kupiga ovyo, kwani alilipia filamu, kisha akalipia kuisafisha. Basi alisimama, akaangalia mwanga unatokea wapi, akamngoja mzee atulie, ndipo akapiga. Waliokwenda Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1930, au studio ya Bakor huko Lamu, walivaa, wakajitengeneza, wakakaa. Kwa muda ule mtu alitazamwa sawasawa.

Jambo hili si geni kwa wataalamu wetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri, aliandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Humo alithibitisha kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu ukaingia machoni, si kwa miale itokayo machoni. Tena alipambanua kuona kwa namna mbili: kuona kwa kutupia jicho tu, na kuona kwa taamuli. Kitu hakijulikani kwa hakika yake ila kwa taamuli.

Basi kamera mpya hutukumbusha kutazama, na upya wake ukishakwisha, hilo laweza kusahauliwa tena. Na hapa ndipo penye uzito. Yuko mtu anayelia kila aishikapo picha ya marehemu babake, na mamake yu hai, amekaa barazani, tangu asubuhi hajaulizwa hali. Kuwatamani waliopita huku tukiwapuuza waliopo ni kuikosa shukrani neema ingali mkononi.

Kwa hivyo, ewe mwenye kamera mpya, furahi nayo. Lakini kabla ya kupiga, tazama; omba idhini, kwani sura ya mtu ni amana; na ukishapiga, iweke chini ukae naye mzungumze. Siku picha hiyo itakapokuwa ndiyo iliyobaki, itakuwa imeshikwa na mtu aliyemjua mwenyewe, si mtu aliyempiga picha mia asimwone hata mara moja.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.