Tusiseme "watu wameangamia"



Siku hizi ukikaa barazani baada ya swala ya Isha, mazungumzo ni yale yale. Huyu kadhulumiwa kiwanja, yule kaibiwa na ndugu yake wa damu, kule mtoto kafanyiwa unyama. Simu zikitolewa mfukoni, ndiyo balaa zaidi: picha za maiti, za ajali, za kibaka aliyechomwa moto. Mwisho wa kikao atatokea mzee mmoja au kijana mmoja atoe hukumu: "Dunia imekwisha. Hakuna watu tena." Wote wanaitikia, kila mmoja anakwenda kulala akiwa amemdhania vibaya kila mtu isipokuwa nafsi yake.

Nimeona leo tulizungumze jambo hili, maana Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) amekwishalisemea. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba mtu akisema watu wameangamia, basi yeye ndiye aliyeangamia kuliko wote. Wanazuoni wakaeleza kuwa neno hilo limesomwa kwa namna mbili. Namna ya pili maana yake ni kwamba msemaji huyo ndiye aliyewaangamiza. Yaani kauli yake yenyewe ni sehemu ya maangamizi.

Imam Malik (r.a.) alilifafanua kwa uzuri. Mtu akiyasema hayo kwa huzuni, kwa uchungu wa kuona hali ya dini ya watu, hana ubaya. Akiyasema kwa kujiona yeye ni bora na kuwadharau wengine, hapo ndipo penye makemeo. Basi hebu kila mmoja wetu ajipime. Tunapotikisa vichwa pale barazani, tunalia au tunajisifu?

Naam, na liko dhara jingine. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba hakuna wema duniani, siku akimkuta mwenzake kaanguka barabarani atampita. Atajisemea kuwa hata angekuwa yeye, nani angemsaidia? Kukata tamaa na watu ndiko kunakozaa ukatili ule ule tunaoulalamikia.

Sasa tuyatazame matukio. Habari mbaya tunazihifadhi kwa tarehe na majina, lakini nzuri zinatupita kama upepo.

Wengi tunakumbuka Novemba 2014, huko Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, basi liliposimamishwa na watu wenye silaha, wakawatenga wasiokuwa Waislamu, wakawaua watu 28. Habari ile ilizunguka dunia nzima, na sisi tukaibeba aibu yake mabegani bila kushiriki. Lakini je, wangapi wetu wanakumbuka Desemba 21, 2015? Katika eneo lile lile la Mandera, karibu na El Wak, basi jingine lililotoka Nairobi lilishambuliwa. Washambuliaji wakataka yale yale: Waislamu kando, Wakristo kando. Safari hii Waislamu waliokuwa ndani walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike wasitambulikane. Wakawaambia wale wenye bunduki kwamba wawaue wote au wawaache wote.

Miongoni mwao alikuwamo mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule. Alipigwa risasi, akaugua kwa karibu mwezi mmoja, akafariki Nairobi mwezi Januari 2016. Akiwa kitandani hospitali aliwasihi watu waishi kwa amani bila kubaguana kwa dini. Alikuwa na familia, na alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya ashuke salama. Katika Suratul Maida, aya ya 32, Allah (S.W.) anatufundisha kuwa kuiokoa nafsi moja ni kama kuwaokoa watu wote. Aya hii tumeisikia katika mihadhara mingi. Abiria wa basi lile waliitekeleza mbele ya mtutu wa bunduki.

Tukio hilo mwanafunzi mmoja wa filamu kutoka Ujerumani, Katja Benrath, alilitengenezea filamu fupi, akaipa jina la Kiswahili: "Watu Wote." Ilitoka 2017, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Nimejiuliza mara nyingi: kwa nini kisa hiki ilibidi kisimuliwe na mtu wa mbali? Khatibu wetu wangapi wamemtaja mwalimu Salah juu ya mimbari? Katika madrasa zetu, mtoto gani anajua jina lake?

Twende Paris, Ufaransa. Mei 26, 2018, ndani ya mwezi wa Ramadhani, kijana wa Kiislamu kutoka Mali, Mamoudou Gassama, alikuwa njiani kwenda kuangalia fainali ya mpira. Akaona mtoto wa miaka minne ananing'inia kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne. Alipanda ukuta kwa mikono mitupu, ghorofa baada ya ghorofa, akamshika mtoto. Kijana huyo hakuwa na karatasi za kuishi nchini humo. Mtu wa namna yake akiona umati hujificha, maana umati huleta polisi. Yeye akapanda mbele ya macho ya kila mtu. Baadaye Rais Macron alimpokea ikulu, akapewa uraia. Lakini alipokuwa ukutani hakukuwa na ahadi ya uraia. Kulikuwa na mtoto tu.

Na hapa kwetu, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Tuliwapoteza 19, na 24 wakanusurika. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Hawakuitwa na mtu, hawakuwa na vifaa, na hapana aliyeuliza nani ni wa kabila gani wala nani anaswali wapi. Walioitwa walalahoi ndio waliokuwa wa kwanza kwa Waheshimiwa na wasiokuwa Waheshimiwa.

Hapo yupo ndugu atakayeniuliza: "Wengine uliowataja si Waislamu. Je, tuusifu wema wao?" Jibu tulitafute katika sira. Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka Taif, amepigwa mawe hadi miguu ikatoka damu, hakuweza kuingia Makka bila mtu wa kumlinda. Aliyekubali kumlinda ni Mut'im bin Adi, mshirikina. Alivaa silaha yeye na wanawe, akatangaza ulinzi wake. Mut'im akafa bila kusilimu. Lakini baada ya vita vya Badr, mbele ya mateka wa Kikuraishi, Mtume (s.a.w.) alisema kuwa lau Mut'im angekuwa hai akawaombea mateka wale, angewaachia kwa ajili yake. Imo katika Sahihi Bukhari. Mtu amekwishakufa, wema wake bado unatajwa!

Vivyo hivyo Hilful Fudhuul, mapatano yaliyofungwa nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an zama za Jahiliyya, kumtetea kila aliyedhulumiwa Makka. Mtume (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alisema kwamba angeitwa tena kwenye mapatano kama yale, angeitika. Hukumu ya nyoyo na akhera ni ya Allah peke yake. Sisi tumeamrishwa uadilifu, na uadilifu ni pamoja na kukiri jema unapoliona, kwa yeyote.

Wala tusingoje ndege zianguke ndipo tuone wema. Panda daladala ya Gongo la Mboto asubuhi, watu wamebanana kama dagaa. Abiria wa nyuma anatoa noti ya elfu kumi, anaipitisha kwa mikono ya watu sita asiowajua hadi kwa kondakta. Chenji inarudi kwa mikono ile ile, imetimia. Hapo hapana polisi wala risiti. Mji huu tunaosema umejaa wezi unaendeshwa kila siku kwa uaminifu wa watu masikini, na hatuutambui kwa sababu haupigi kelele.

Simaanishi tuyafumbie macho maovu. Dhulma ikemewe, mwizi wa mali ya umma atajwe, mwenye kunyimwa haki atetewe. Kukemea uovu ni faradhi, lakini kuustarehekea ni ugonjwa. Suratun Nur, aya ya 19, imewaonya kwa adhabu kali wale wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini. Kila tunapobonyeza kitufe kuisambaza picha ya uchi au ya maiti ya mtoto wa watu, tujiulize tunakemea au tunaeneza.

Basi wiki hii tufanye jambo moja jepesi. Kila mmoja atafute jema moja aliloliona kwa macho yake: jirani aliyempeleka mgonjwa hospitali usiku, muuza genge aliyemkopesha mjane unga, bodaboda aliyerudisha simu ya abiria. Alisimulie nyumbani kwake mbele ya watoto wakati wa chakula cha usiku. Mtoto anayekua akisikia kila siku kuwa watu ni wabaya, naye atajiandaa kuwa mbaya ili asionewe. Anayesikia habari za mwalimu Salah atajua kwamba siku yake ikifika, na yeye anaweza kukataa kushuka kwenye basi.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaouona wema, wanaoutaja, na wanaoutenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.