Juma Yupi?

Katika Kiswahili, watu wawili wenye jina moja wana neno lao: wajina. Wengine husema somo. Neno hili halina lawama ndani yake. Ukikutana na mtu mnayechangia jina, mnacheka, mnapeana mikono, na kuanzia siku hiyo hamwitani tena kwa majina, mnaitana "wajina". Kwa kompyuta, jambo hilohilo ni ajali. Majina mawili yanayofanana yakikutana mahali pamoja huitwa mgongano, na mgongano sharti utatuliwe. Swali langu ni dogo: ukitatuliwa, hasara inamwangukia nani?

Tuanze na Scratch, programu iliyotolewa na MIT Media Lab mwaka 2007 kwa ajili ya kuwafundisha watoto kuandika programu. Huandiki mistari ya maneno. Unaburuta vipande vya rangi, unavipachika kimoja chini ya kingine, na wahusika walioko jukwaani wanatii. Ukimleta paka kutoka kwenye maktaba yake, anaitwa Cat. Ukimleta paka wa pili, Scratch haikuulizi chochote, inamwita Cat2. Hata ukimbadilisha mhusika jina ukampa ambalo tayari linatumika, atabandikwa namba. Kazi inaendelea na hakuna kinachoharibika. Lakini tazama kilichoamuliwa. Wa kwanza amebaki na jina tupu kana kwamba ndilo lake tangu kuumbwa, na wa pili amekuwa nakala, ingawa pengine yeye ndiye shujaa wa mchezo mzima. Alichokosa ni kuwahi tu.

Utaratibu wa aliyewahi ndiye mwenye jina una utetezi wake. Ni rahisi, hauangalii sura, wala hauhitaji hakimu. Kila aliyewahi kufungua barua pepe akakuta jina lake limechukuliwa, akaongeza mwaka wa kuzaliwa nyuma yake, ameukubali bila kelele. Ila kuwahi si sifa ya mtu. Mara nyingi maana yake ni kwamba intaneti ilifika mtaani kwenu kabla ya kufika kwetu. Tena haki ya aliyewahi hudumu pale tu mwenye uwanja anapotaka kuilinda. Mwaka 2016 Azer Koçulu alikuwa na kifurushi cha programu kiitwacho kik kwenye hazina ya npm, ambako waandishi wa JavaScript huchukua vifurushi vya wenzao. Kampuni yenye jina hilo ikalitaka. Alikataa, npm ikaipa kampuni. Kwa kupinga uamuzi huo akaondoa vifurushi vyake vyote, kimojawapo left-pad chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani iliyokitegemea ikakwama. Chanzo chake ni herufi tatu ambazo pande mbili zilizitaka zikiwa tupu, bila kitu mbele wala nyuma.

Upo mgongano mbaya kuliko huo, nao ni ule usiosikika. Pure Data, iliyobuniwa na Miller Puckette miaka ya 1990, ni mazingira ya kutengeneza sauti na muziki kwa kuchora. Kila kazi ni kisanduku, na visanduku huunganishwa kwa nyaya. Nyaya zikizidi, mchoro unageuka kichaka, kwa hiyo ipo njia ya kurusha ujumbe bila waya: kisanduku cha kutuma chenye jina, na kisanduku cha kupokea chenye jina hilohilo. Sasa chukulia kwamba mchoro wako wa ngoma unatuma "tempo", kisha ukafungua pembeni mchoro wa rafiki yako, ambao nao unapokea "tempo". Ngoma zako zinaanza kuendesha za mwenzako. Hakuna onyo, kwa kuwa programu haijaona kosa: jina ni moja, basi ujumbe ni mmoja. Watu wawili wamefanywa mtu mmoja na hakuna aliyeambiwa. Cat2 angalau anahesabiwa kuwa yupo.

Dawa yake katika Pure Data ni alama fupi, $0. Ukiiweka mbele ya jina, kila nakala ya mchoro inapewa namba yake ya pekee, hivi kwamba "tempo" ya huyu inakuwa, tuseme, 1003-tempo, na ya yule 1007-tempo. Linganisha na paka wetu. Hapa pia pana namba, lakini kila mmoja anayo, na hakuna aliyebaki na jina tupu huku mwenzake akiburuta mkia. Kumbe kinachodhalilisha si namba, ni kubandikwa namba peke yako.

Scratch nayo inaijua hekima hii, ila mahali pengine. Unapotengeneza kigeu, yaani kihifadhi cha thamani kama vile alama za mchezaji, inakuuliza: kiwe cha wahusika wote, au cha mhusika huyu tu? Ukichagua la pili, paka na samaki wanaweza kila mmoja kuwa na "alama" zake bila kugombana. Paka akitaka kujua za mwenzake, kipo kipande kinachomwezesha kusoma "alama" za samaki. Anasoma tu, kuzibadilisha hawezi. Hilo ndilo eneo la majina: ndani ya nyumba jina fupi linatosha, nje unamtaja na mwenye nyumba.

Sisi tumekulia katika utaratibu huu. Nyumbani ni Asha. Darasani, mwalimu akikuta wawili, ni Asha Juma. Kwenye karatasi za serikali anaongezwa babu: Asha Juma Hamisi. Jina linarefuka kadiri unavyokwenda mbali na mlango wa kwenu, na hakuna Asha wa asili na Asha wa ziada. Lakini tusijisifu haraka. Anwani yetu hupitia kwa baba, na aliyelelewa na mama peke yake hulikumbuka hilo kila anapofika kwenye nafasi ya jina la baba. Mama mwenyewe akishazaa anakuwa Mama Asha, na jirani wa miaka kumi anaweza asijue jina alilopewa na wazazi wake. Maeneo ya majina humaliza ugomvi wa wanaofanana, halafu huleta swali jingine: nyumba hizi zimeandikwa kwa nani?

Wala si kila jina linafaa kufungiwa ndani. Katika Scratch, ujumbe ukitangazwa huwafikia wahusika wote, na "anza" ina maana kwa sababu wote wanaisikia. Anayepiga yowe la "moto!" usiku hataji ukoo wake kwanza. Kwa hiyo lile swali, la wote au la huyu tu, halina jibu moja la kudumu. Linataka kuulizwa kila mara. Na Scratch inapoliuliza, jibu lililokwisha kuwekewa alama ni "la wote". Asiyesoma hubonyeza akapita, na kilichokuwa chake kinakuwa cha kila mtu.

Ukibisha hodi kumtafuta Juma kwenye nyumba yenye Juma wawili, utaulizwa, "Juma yupi?" Swali hilo halichukui hata sekunde mbili, lakini limekubali kwamba wote wawili wapo, na kwamba hakuna aliye Juma kuliko mwenzake. Mashine inayobandika namba imejijibu yenyewe. Mashine inayounganisha kimyakimya haikutambua kwamba pana swali. Baadhi yenu mtajenga mifumo hii: orodha za wanafunzi, rejista za ardhi, majalada ya wagonjwa katika zahanati ambako Juma mmoja ana kisukari na mwingine amekuja na jino tu. Siku majina mawili yatakapokutana kwenye kioo chako, utakuwa na uwezo wa kumfanya mmoja wao kuwa wa pili, au kuwayeyusha wote wawili wawe mtu mmoja. Una uwezo pia wa kuuliza.