Tawakali ya Aliyepooza

Mtu anapoumia uti wa mgongo, ama kwa ajali ya barabarani, ama kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi, jamaa zake huuliza kwanza kama atatembea tena, na swali hilo ni la tabibu. Lakini majibu yanapochelewa huzuka swali la pili, ambalo ni la dini, nalo ni hili: ikiwa afya na maradhi vimo katika kadari, yaani makadirio ya Mwenyezi Mungu, anayejitaabisha kwa mazoezi mwezi baada ya mwezi anatafuta nini ambacho hakijakwisha kuamuliwa?

Swali hili haliwezi kujibiwa kabla ya kufahamu kilichoumia. Ndani ya mfereji wa pingili za mgongo umepita ugwe wa neva unaoshusha amri za ubongo hadi kwenye misuli na kupandisha hisia kutoka mwilini hadi ubongoni. Jeraha likizima kila hisia na kila mwendo chini yake huitwa jeraha kamili, na likibakiza baadhi huitwa jeraha lisilo kamili. Na ingawa neva zilizokatika humo haziungi kama mfupa unavyounga, zile zilizosalimika huweza kujifunza kazi ambazo hazikuwa zao, mradi zifanyishwe kazi hizo tena na tena. Uwezo huo wa neva kujipanga upya ni mmoja wa misingi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi ya mwanzo, muda unaopotea kwa kungoja haufidiki kwa urahisi.

Katika Uislamu jawabu maarufu limo katika hadithi ya bedui aliyeambiwa na Mtume Muhammad amfunge kwanza ngamia wake ndipo atawakali, yaani amwachie Mungu matokeo. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliendeleza jambo hili katika Ihya Ulumuddin kwa kuzigawa sababu, yaani njia zinazoleta matokeo, katika daraja tatu: za yakini, za dhana yenye nguvu, na za kuwazika tu, naye akasema kwamba mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono kwenye chakula kwa madai ya kutawakali amepungukiwa na akili. Tiba ya tabibu aliiweka katika daraja ya pili, na kuitumia hakukuona kuwa kunavunja tawakali. Mazoezi ya mgonjwa wa mgongo yanaingia hapo hapo.

Hata hivyo mfano wa chakula hautoshi, kwa sababu mwenye njaa akitaka kunyoosha mkono, mkono hunyooka, ilhali aliyepooza huambiwa aukusudie mguu usiomsikia, aukusudie tena, na pengine wiki kadhaa hupita pasipo kidole kutikisika. Juhudi yake iko wapi, ikiwa hakuna kitendo kinachoonekana? Abul-Hasan al-Ashari, mwanazuoni wa karne ya 10, alitofautisha mtetemo wa mwenye maradhi ya kutetemeka na mwendo wa mtu anayekwenda na kurudi kwa hiari yake: yote miwili, kwa itikadi yake, imeumbwa na Mungu, lakini wa pili una kasbu, yaani uchumaji, ambao ndio fungu la mwanadamu katika kitendo chake. Katika wodi ya mgongo tofauti hiyo si nadharia. Miguu iliyopooza mara nyingi hukaza na kuruka yenyewe, jamaa wakashangilia wakidhani uzima umerudi, kumbe ni mwitiko wa neva usio na hiari. Kisha mgonjwa huyohuyo hukaza nia yote aliyo nayo, na mguu ukatulia tuli. Al-Ashari alizungumzia vitendo vilivyotokea, na kumpeleka hadi hapa ni kumvusha mpaka wake. Lakini kama matendo hupimwa kwa nia, fungu la mwanadamu limo katika tukio la pili, lisiloonekana, na si katika lile la kwanza lililoshangiliwa.

Wala kukata tamaa hakutokani na dini peke yake. Hati ya kitabibu ya Misri ya kale ijulikanayo leo kwa jina la Edwin Smith, iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, iliyaweka majeraha ya shingo yenye kupoozesha katika fungu la maradhi yasiyotibiwa, na hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wagonjwa wengi wa aina hii waliachwa walale mpaka wafe kwa maambukizi ya njia ya mkojo au kwa vidonda vya mgandamizo, yaani vidonda vinavyotokana na kulalia sehemu moja. Ludwig Guttmann, tabibu wa neva Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua kitengo chake katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, Februari 1944, akaamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha wafanye mazoezi, kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, watu 16 wenye ulemavu huo walishindana hapo kulenga mishale, na kutoka shindano hilo ikakua michezo ya Paralimpiki. Waliokuwa wakisema kwamba wagonjwa hawa ni wa kufa tu walidhani wanaeleza majaliwa, kumbe walikuwa wakieleza matokeo ya kutowageuza.

Lakini wengi katika wagonjwa hao walibaki katika viti vya magurudumu, na hapa ndipo penye hatari ya upande wa pili. Anayefundisha kwamba juhudi na imani lazima zizae miguu inayotembea humwongezea mgonjwa hatia juu ya maradhi, kama walivyofanya rafiki za Ayubu, na kama walivyotaka kufanya wanafunzi wa Yesu katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, naye akakataa kumlaumu yeye wala wazazi wake. Kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kubebwa, kujinyanyua kwa mikono ili matako yapumzike, kujitoa mkojo kwa mpira kwa saa maalumu, kurudi kazini na ibadani: haya nayo ni kupona, wala si fidia ya kupona kulikokosekana.

Basi jamaa wasimwinue aliyeumia mgongo kwa kumshika kwapa na miguu, wamfikishe mapema kwenye huduma za utengamao, na wamgeuze kila saa mbili hata wakati wa kumwombea dua. Na misikiti na makanisa yenye ngazi mlangoni yajenge njia ya mteremko.