Nyumba ya Mmoja, Kiwanja cha Mwingine

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kumiliki mbingu na ardhi. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Katika mambo ambayo watu huyafanya mepesi, nayo kwa Mungu ni mazito, ni kuuza nyumba iliyo juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Watu wa pwani hali hii hawaigeni. Mombasa hata leo ziko nyumba ziitwazo nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mmoja, na udongo ni wa mwingine, naye hulipwa kodi ya kiwanja. Ng'ambo ya Unguja ilikuwa vivyo hivyo, hata mwaka 1928 watu wakagoma kuilipa kodi ile.

Mtu wa pwani aendapo bara kwa biashara, akafika Galula katika wilaya ya Songwe, upande wa Ziwa Rukwa, hukuta hukumu nyingine ya ardhi. Milki ya ardhi isiyo na mwisho iliondolewa Tanganyika mwaka 1963. Na kwa sheria za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania bara ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na mtu hana ila haki ya kuikalia na kuitumia. Ikiwa kiwanja ni katika ardhi ya kijiji, haki hiyo haihamishwi kwa mtu mwingine mpaka Halmashauri ya Kijiji iarifiwe, nayo ikubali. Basi aliyezoea desturi ya kwao huweza kununua kwa fedha nyingi kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho.

Mathalan, Zeid ana nyumba Galula, aliyoijenga kwa idhini katika kiwanja kilicho katika haki ya Amri, naye humlipa kodi. Akaja Bakari kutoka pwani, Zeid akamwambia, "Nimekuuzia nyumba hii," wala asitaje habari za Amri. Bakari akatoa akiba yake ya miaka mingi. Baada ya miezi michache Amri akabisha hodi, akidai kodi yake. Zeid alipoulizwa alijibu, "Hakuniuliza."

Jawabu hili halimwokoi Zeid. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kwamba neno nyumba, likitajwa katika kuuza, huingia ndani yake ardhi na jengo pamoja. Basi Zeid, kwa kunyamaza kwake, ameuza jengo lake na kiwanja cha Amri katika akidi moja. Hukumu yake ni kwamba kuuza kumesihi katika lile lililo lake, na kumebatilika katika la mwenziwe. Na Bakari, kwa kuwa hakujua, ana khiyari: akipenda avunje arejeshewe fedha zake zote, na akipenda ashike jengo kwa fungu lake la thamani.

Na dhambi ni kubwa kuliko hasara. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na wakasema uwongo, baraka yake hufutwa. Na katika hadithi nyingine ametishia kwamba mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma, atavishwa shingoni siku ya Kiyama ardhi saba. Shibiri moja ikiwa hivyo, kiwanja kizima kitakuwaje?

Kwa hiyo yampasa muuzaji mambo haya. Aseme kwa ulimi wake ni nini auzacho: jengo tupu, au jengo pamoja na haki ya kiwanja. Ataje mwenye kiwanja, kodi yake, muda uliobaki, na deni lililosalia. Ataje rehani na ugomvi wa mipaka, kama upo. Kisha yaandikwe na yashuhudiwe, kama Qurani ilivyoamrisha kushuhudisha katika biashara. Na dalali ajuaye aibu akaificha ni mshirika wa muuzaji katika dhambi.

Mwenye kiwanja naye ana wajibu wake. Akiuza haki yake kwa mtu wa tatu, upangaji uliofungwa kabla hauvunjiki. Mnunuzi mpya atangoja mpaka muda wake uishe. Na kama hakuarifiwa kwamba kiwanja kimepangishwa, ana khiyari. Wakikubaliana Zeid na Amri kuuza vyote viwili kwa pamoja, kila mmoja atajiwe thamani yake, isiwe thamani moja lisilojulikana fungu la kila mmoja.

Ama shufaa, yaani haki ya mshirika ya kulitwaa fungu lililouzwa kwa thamani ile ile, hiyo haiko baina ya mwenye jengo na mwenye kiwanja, kwani hao si washirika wa kitu kimoja. Lakini iko baina ya ndugu waliorithi kiwanja kisichogawanywa. Mtume (s.a.w.) amekataza, katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, mshirika kuuza kabla ya kumwarifu mwenziwe. Wangapi wameuza fungu la urithi usiku, na dada zao wakapata habari asubuhi!

Hata sehemu za ghorofa Dar es Salaam, ambazo sheria ya mwaka 2008 imeruhusu kila moja iwe na hati yake, hukumu ya ukweli ni hiyo hiyo: mnunuzi aambiwe lipi ni lake peke yake, na lipi ni la shirika.

Sheria ya serikali humshika muuzaji ikiwa pana hati na mashahidi. Mwenyezi Mungu humshika hata pasipokuwa na mmoja. Basi aliyekwisha kuuza kwa kunyamaza, na amwendee mnunuzi wake leo, ambainishie, amrudishie haki yake, kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kula halali na kusema kweli. Amin. Wallahu aalam.