Kukopa ni Aibu?



Kijana mwenzangu, mwezi uliopita mdogo wangu alivunjika mkono. Hospitali ilihitajika 80,000, mimi nina 15,000. Nikachukua mkopo wa kwenye simu, ile tunayoiita kausha damu. Siku ya nane sijalipa, wakawatumia meseji watu wote niliowasevu, hadi katekista.

Akanipigia: "Mwanangu, mbona jumuiya hukutuambia?"

Nilikosa jibu. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikubali kudaiwa na nisiowajua kuliko wanaonijua wajue sina. Nilidhani huo ni unyenyekevu, kumbe kiburi.

Kanisa linaijua shida hii tangu zamani. Mwaka 1462, huko Perugia, Italia, Wafransisko walihimiza uanzishwe mfuko wa kuwakopesha maskini kwa gharama ndogo, wasinyonywe.

Jumuiya ilinikopesha bila riba, nikamaliza lile deni. Sasa narudisha 10,000 kila Jumamosi, hata nikibaki bila nauli. Nisipolipa, nitakuwa nimemfungia mlango mwenye shida anayefuata.

Nawe jiulize: katika jumuiya yako, nani ana shida lakini anaona haya kukuambia wewe? Kwa nini?