Mwizi wa Mbuzi na Adui wa Serikali

Mtu akishitakiwa kuiba mbuzi, mwamuzi humwuliza mwenye mbuzi, huita mashahidi, na mshitakiwa hujitetea. Hakuna anayeshangaa. Lakini mtu akishitakiwa kwamba ataka kuipindua Serikali, wengi husema: «Huyu ni adui wetu sote, aadhibiwe upesi!» Je, ni haki?

Tukumbuke mwisho wa Mei 1966. Evariste Kimba, aliyekuwa zamani waziri mkuu, na wenzake watatu walishitakiwa kula njama ya kumpindua Rais Mobutu. Baraza la askari likawahukumu kufa, na tarehe 2 Juni wakanyongwa Léopoldville mbele ya watu wengi sana. Toka kukamatwa mpaka kunyongwa zilipita siku chache tu.

Ni kweli, Serikali ina haki ya kujilinda, maana ikiangushwa kwa silaha, maskini ndio wa kwanza kuumia. Lakini angalieni: katika kesi ya mbuzi, mwamuzi siye mwenye mbuzi. Katika kesi ya njama, Serikali ndiyo inayoshitaki, na tena ndiyo inayomweka mwamuzi. Kwa hiyo shitaka likizidi uzito, ushahidi nao sharti upimwe polepole zaidi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 61, yakataza kumnyima mtu haki ya kujitetea, hata wakati wa hatari.

Basi tukisikia watu wakipiga kelele «Auawe!», tuulize kwanza: mashahidi ni nani, naye mwenyewe amesema nini?