Kutasa kwa Piano

Tarehe 17 Septemba 1962, wanamuziki watatu waliingia studio mjini New York, wakapiga, wakatoka, na hawakurekodi tena pamoja. Kwenye piano alikaa Duke Ellington, mwenye miaka 63. Charles Mingus wa besi alikuwa na 40, Max Roach wa dramu 38. Santuri yao ilitoka mwaka uliofuata kwa jina Money Jungle.

Ukiambiwa magwiji wamekutana mara moja tu, unatarajia utulivu: watu waliokwisha kuijua kazi, kila mmoja akimpisha mwenzake. Iweke usikie. Katika wimbo wenye jina la santuri, Mingus anauvuta uzi wa besi mpaka unakaribia kukatika, anaurudia, anaurudia tena. Ellington hamtulizi. Anaigonga piano kwa ukali uleule. Roach yuko katikati na hajaamua ni upande gani.

Yalikuwepo ya zamani. Mwaka 1953 Mingus aliingia bendi ya Ellington na hakudumu: aligombana na mpiga tromboni Juan Tizol, akafukuzwa. Miaka tisa baadaye, miongoni mwa nyimbo walizopiga watatu hawa ni Caravan, ambayo Ellington aliitunga pamoja na Tizol huyohuyo. Na kazi ikiwa katikati, Mingus alichukua besi yake akaondoka. Ellington akamfuata, akambembeleza, akarudi naye. Bosi aliyemwachisha kazi ndiye aliyemkimbilia.

Huku Chawia, kwenye vilima vya Taita nchini Kenya, jambo hilo halishangazi sana. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1978, juu ya dini ya Wadawida, yaani Wataita, na kiini chake ni hasira. Iliyoogopwa ni ile iliyofichwa moyoni, kwa sababu iliweza kumdhuru ndugu au mtoto bila mwenyewe kunuia. Kwa hiyo mzee alitasa. Alichukua funda la pombe ya miwa, au maji, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira na kuomba heri. Hakuna aliyedai kwamba mzee hana hasira. Kinyume chake, kadiri alivyokuwa mkubwa ndivyo hasira yake ilivyokuwa nzito, na ndivyo alivyotarajiwa kujua namna ya kuitoa. Makanisa yameenea vilimani siku hizi, na wako watakaosema hayo yalikuwa mambo ya mababu. Sawa. Lakini kaa kwenye kikao cha mpaka wa shamba uone kama hakuna mzee ambaye neno halisongi mpaka atoe kwanza lililo moyoni.

Hivyo ndivyo ninavyoisikia santuri hii. Ukongwe haukuwapatanisha wale watatu. Uliwapa uwezo wa kugombana bila kuuvunja wimbo, na uwezo huo kijana hana, hata awe hodari wa vidole namna gani.

Kuna wimbo mmoja mororo ndani yake, Fleurette Africaine. Ellington aliuwazia ua lililochanua katikati ya msitu wa Afrika, ambalo binadamu hajawahi kuliona. Mtu wa Chawia atatabasamu hapo: msitu wake umebaki hekta zisizofika mia, na hakuna kichaka ambacho hakijapitiwa na mtu wa kuni. Ua lisiloonwa huota katika msitu wa aliye mbali, na Ellington alikuwa mbali: alikuja kupiga Afrika, mjini Dakar, mwaka 1966, miaka minne baadaye. Hata hivyo ni wimbo mzuri mno. Besi inatetemeka chini ya piano na haibishani nayo kabisa.

Lakini kutasa na kurekodi vina mahali vinapoachana. Funda lililopulizwa hukauka. Neno huenda na pumzi, na huko kuondoka ndiko dawa yenyewe. Utepe wa studio hautaki hivyo. Ellington alifariki 1974, Mingus 1979, Roach 2007, na bado naweza kuwagombanisha usiku wowote nikitaka. Je, hiyo bado ni hasira? Naona siyo. Hasira inahitaji mtu inayeweza kumdhuru, na mimi hainidhuru. Kilichosalia ni namna tu ilivyotolewa: nani alimpisha nani, nani alikataa, na jinsi walivyofika mwisho wa wimbo wakiwa bado watatu.

Hata hiyo mara moja, tukitazama vizuri, haikuwa moja. Matoleo ya 1987 na 2002 yaliongeza nyimbo na marudio yaliyokuwa yameachwa kando. Kumbe walipiga, wakarudia, kisha kukachaguliwa. Wapenzi wa jazi huyafurahia marudio hayo na kuyalinganisha, mimi yananichosha. Mzee akitasa, hakuna anayemwomba arudie ili baadaye tuchague lililotoka vizuri zaidi. Zile nyimbo saba za 1963 zinanitosha.